Nguzo Isiyobeba Paa

Siku tulipohama nyumba za kituo cha msitu, mama aliacha kabati la vioo akabeba nguzo.

Kabati lilikuwa zima, milango yake miwili ikifunga bila kupigwa teke, na wageni walikuwa wakilisifu hata kabla ya kukaribishwa kiti. Nguzo ilikuwa nguzo: msonobari mwembamba, mweusi kwa moshi upande mmoja, uliokuwa umeshikilia paa la jiko letu tangu sijajua kufunga vifungo vya shati. Dereva wa lori la kituo alikuwa amevumilia kuku, masinia na magodoro yetu yaliyochoka. Alipomwona mama anaichimbua nguzo kwa jembe, huku paa limeegeshwa kwa ngazi ya jirani, uvumilivu ulimtoka.

"Mama, huko mnakohamia hakuna miti?"

"Ipo," mama alisema, bila kuinua uso. "Hii ni nguzo."

Ikapakiwa. Kabati likabaki barazani limetukodolea vioo, kama mtu aliyeahidiwa safari kisha akaambiwa gari limejaa. Mimi nilikalia ile nguzo safari nzima, na sikuona ajabu yoyote, maana sababu nilikuwa naijua, au nilidhani naijua. Ubavuni mwake kulikuwa na alama za kisu, moja juu ya nyingine, ambazo baba alizikata kila nilipoongezeka kimo. Baba alikuwa amefariki mwaka huohuo. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa yake. Mwenye kazi akiondoka, nyumba hurudi kwa wenyewe, bila chuki wala huruma. Kwamba mwanamke anaweza kuacha kabati akabeba urefu wa mwanawe, hilo nililielewa. Hata nilijisikia mtu wa maana.

Katika nyumba yetu ya sasa, ya matofali, nguzo ile imesimama pembeni mwa jiko na haibebi chochote. Kuta zinalibeba paa bila msaada wa mtu. Nimezoea kuwaambia wageni kwamba ndiyo nguzo pekee iliyostaafu kwa heshima, na kwamba pensheni yake ni kuning'iniziwa chujio la chai.

Sasa mimi ni kibarua wa kituo kilekile. Nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yakanielekeza msituni moja kwa moja, bila kona. Wenzangu wananiita Redio, kwa kuwa wanadai mtu akitaka kunizima lazima atoe betri. Mkuu wa kituo tunamwita Rula, ingawa si mbele yake. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye shati lake hubaki limenyooka hata pale sisi tulipolowa hadi mifupa. Kibao cha mlangoni kwake bado kinasema Bwana Misitu. Tulipomwomba kiandikwe upya, alijibu kwamba rangi iliyopo stoo ni ya miti.

Na kweli ilikuwa ya miti, kwa kuwa Kipande cha Juu kilikuwa kinauzwa. Hicho ndicho kilichotangulia kupandwa katika msitu huu wa umma: misonobari mitupu, safu baada ya safu, kushuka hadi kwenye kijito, na sasa ilikuwa imekomaa kiasi kwamba upepo ukipita juu yake unasikia watu wazima wakinong'ona. Zamani amri ingekuwa moja tu: kata yote, fagia, choma, panda upya. Rula alikuja na mpango mwingine. Mingi iende mnadani, maana kituo hakiendeshwi kwa harufu ya utomvu, lakini mingine ibaki. Ibaki iliyoinamia kijito, ili maji yasiungue na jua. Ibaki yenye mashimo ya hondohondo na viota vya ndege wengine. Ibaki hata iliyokauka ikiwa wima, kwa ajili ya ndege gogota na wadudu wake. Jambo lililomfanya Kijiko, mwenzangu wa kazi, aulize kama na yeye akifa wima atapewa nafasi.

"Wewe utakufa umekaa," nilimwambia, "tena na sahani mapajani."

Kazi yenyewe hufanywa kwa mizunguko miwili. Kwanza Rula hupita akichagua miti inayobaki, na sisi tunaivisha mshipi wa rangi nyeupe. Kisha tunarudi, na ile isiyo na mshipi inapigwa chapa: unachuna gome mahali pawili, usawa wa kifua na chini kabisa karibu na ardhi, halafu unapiga nyundo yenye muhuri wa kituo. Msumeno hupita katikati ya chapa hizo. Ya juu husafiri na gogo. Ya chini hubaki na kisiki. Miaka mingi baadaye ukikutana na kisiki unakiinamia na kukiuliza, wewe uliuzwa au uliibwa? Kikiwa na chapa, kimejibu. Nilipokuwa mtoto kila kitu pale kilikuwa na muhuri huo: viti, toroli, vibao vya kitaluni, hata ile nguzo yetu kwenye kitako chake. Mpaka leo nashangaa sisi watoto tulinusurika vipi.

Shida yangu ilikuwa mti mmoja.

Baba aliitwa Mstari. Hakupewa jina hilo kwa kupenda foleni. Alipokuwa kijana katika kikosi cha kupanda, safu zake zilinyooka kuliko kamba aliyopandia, na inasemekana wenzake walikuwa wakimtumia kama kamba ikikatika. Kikosi kilipiga kambi kule Kipande cha Juu msimu mzima wa mvua, na mpishi wao alikuwa msichana wa kitaluni mwenye ulimi mwepesi, ambaye sasa ni mama yangu. Siku ya mwisho ya kupanda upande wa kambi ulibaki mche mmoja. Mstari hakuurudisha kitaluni. Aliupanda kando ya mafiga ya mpishi, nje ya safu, peke yake, mti pekee ambao mtu huyo aliwahi kuupanda bila kamba. Tangu hapo, kila jioni hadi kambi ilipovunjwa, akawa anakuja kuumwagilia maji ya kusuuzia sufuria, akidai mche una kiu.

"Mvua inanyesha," mama alikuwa akisimulia, "na yeye anamwagilia. Amelowa chapachapa, kopo mkononi, ananiuliza kama kuna maji mengine."

Hadithi hiyo nililelewa nayo kama wengine wanavyolelewa na uji. Kwa hiyo niliporudi pale kama kibarua, kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa mafiga. Nikayapata: mawe matatu, na pembeni yake msonobari mnene kuliko yote, umenyooka kama neno la hakimu, umejitenga na safu kwa hatua chache. Nilisimama pale nikayapangusa macho, na nikamwambia Kijiko kuwa ni mbu. Kuanzia siku hiyo nikawa naupitia asubuhi na kuuamkia. Shikamoo, Baba. Mti haukuitikia marahaba, lakini baba mwenyewe hakuwa msemaji, kwa hiyo sikuona tofauti.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa imekwisha kuwa stoo ya mbegu. Ile kengele ya reli iliyokuwa ikigongwa asubuhi, wanawake wa kitaluni wakijibizana kwa mafumbo juu ya matuta ya miche, harufu ya shati la baba akirudi, yote yalikuwa yameondoka bila kuaga. Uliobaki ulikuwa mti huo. Siku Rula alipoufikia, aliutazama kuanzia shina hadi kilele, na nikaona macho yake yanafanya hesabu ya mbao.

"Huu unakwenda," alisema.

"Bosi, huu una mizizi mibovu."

"Mizizi umeiona wapi?"

"Nimehisi tu. Unanipa wasiwasi."

"Wasiwasi wako hauna kipenyo, Redio. Twende."

Akaupita, na nyuma yake mti ukabaki bila mshipi, uchi kabisa.

Sasa, mtu mwenye busara angekwenda kusema ukweli. Mimi nilikwenda kutafuta kiota. Chini ya miti ya bondeni nilikiokota kimoja kilichoangushwa na upepo, bado kina umbo lake, kinafaa kabisa kupangishwa. Mti wenye kiota unabaki. Kanuni si yangu, ni ya Rula. Wakati wa mapumziko ya mchana nikapanda, huku Kijiko akiwa chini akinishikia ngazi na kunililia kwa minong'ono.

"Tukifukuzwa mimi nitasema nilikuwa nakula."

"Hakuna atakayeshangaa."

Kiota hakikutaka kukaa. Kila nikikibana kwenye tawi kinaegama kama mlevi. Nikatafuta kamba mfukoni, nikakosa, nikatumia nilichokuwa nacho.

Kesho yake Rula alirudi pale na darubini. Alitazama juu kwa muda mrefu, nami nikasimama karibu nikiwa na uso wa mtu anayependa ndege tangu utotoni.

"Redio," alisema, darubini ikiwa bado machoni, "hebu nisaidie. Wewe umesoma biolojia."

"Kidogo, Bosi."

"Ni ndege gani anayefunga kiota chake kwa kamba ya kiatu?"

Nikainua macho, nikatafakari. "Huenda ni ndege wa mjini, Bosi."

"Huenda. Na kiatu chako cha kushoto mbona kinapiga makofi?"

Kijiko aligeukia kichaka akapatwa na kikohozi kirefu. Mimi nilitazama kiatu changu, nacho kilikuwa kimefungua mdomo kuliko mimi. Nikangoja kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumweleza mama, nikiwa nimefika kwenye sehemu ya kamba, wakati Rula alipoketi juu ya mzizi, akaweka darubini mapajani, akasema neno moja tu.

"Sema."

Nilitafuta utani wa kuanzia nikaukosa. Nikasema kama yalivyo: mche uliobaki, mafiga, mtu anayemwagilia mti mvuani. Nikasema kwamba hakuna kitu kingine pale kilichoguswa na mkono wa baba. Rula alisikiliza akiwa anachambua sindano ya msonobari kati ya vidole vyake, na nilipomaliza akaitupa.

"Kuna kipengele cha kumbukumbu katika mpango," alisema hatimaye. "Makaburi ya zamani, mawe ya mipaka, mti wenye historia. Mmoja wa namna hiyo naweza kuuacha, na hakuna mnunuzi atakayeniuliza. Lakini historia haishuhudiwi na mtu mwenye kiatu kisicho na kamba. Yupo aliyekuwapo?"

"Mama yupo."

"Mlete kabla ya siku ya ukaguzi wa wanunuzi. Akisema ndio huu, nitauvisha mshipi kwa mkono wangu. Akisema siyo, chapa utaipiga wewe."

Nilirudi nyumbani nimepungua uzito nusu. Mama alikuwa jikoni, anakwangua sufuria kwa bidii ya mtu anayeidai. Nikamweleza.

"Nikaseme nini?"

"Useme 'ndio huu'. Basi. Maneno mawili, Mama, hata pumzi hayakumalizi."

"Na nikiona siyo?"

"Utaonaje siyo? Mafiga yapo, mti upo, mnene kama mjomba."

Hakucheka. Aliisuuza sufuria, akaifunika juu ya meza, akakausha mikono kwa utaratibu, kidole kimoja kimoja. "Tangu tuhame sijapanda kule," alisema, kana kwamba anaiambia sufuria. Kisha akaenda kutafuta viatu vya kutembelea, na kutoka chumbani nikasikia akijibishana navyo.

Gari la kituo lilitupandisha asubuhi iliyofuata, mama akiwa mbele karibu na Rula, mimi na Kijiko nyuma pamoja na ndoo za rangi. Tulipopita nyumba za zamani, mama aliomba gari lipunguze mwendo. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wazi. Barazani, palepale tulipoliacha, lilisimama kabati la vioo, ndani yake mifuko ya mbegu imepangwa kama vikombe vya wageni.

"Linafunga bado?" mama aliuliza.

"Bila shida," Rula alijibu. "Ndilo pekee panya wanaloliheshimu."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za ndugu aliyeolewa mbali na kusikia ana afya. Gari likaendelea.

Kule juu hewa ilikuwa ya zamani. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Sindano zilizooza chini zilikuwa laini kama zulia la mtu tajiri, na jua lilishuka katikati ya safu kwa vipande virefu. Nilitangulia, nikifungua njia, nikimwonyesha mama kila kitu kana kwamba msitu niliupanda mimi. Tulipofika nikasimama kando ya mti wangu, nikaupiga kofi la begani.

"Huyu hapa."

Mama aliutazama. Akayatazama mawe. Akaligusa moja kwa ncha ya kiatu.

"Haya ndiyo mafiga yangu?"

"Ndiyo, Mama. Matatu kamili."

"Figa lililopikia kikosi kizima msimu mzima, weusi wake uko wapi? Haya hata kiberiti hayajawahi kukiona."

"Labda yamenawa," Kijiko alisema, kwa nia njema kabisa.

Rula alichuchumaa akaligeuza jiwe moja, akaona kilichochongwa upande wa chini, akalirudisha. Lilikuwa jiwe la mpaka. Mimi sikulitazama jiwe. Nilimtazama mama. Nilimwomba kwa macho, kwa nyusi, kwa kila kitu usoni kinachoweza kusogea. Maneno mawili. Angeyasema, mti ungebaki, na hakuna kiumbe duniani ambaye angepungukiwa. Naye alinielewa, mama ananisoma kama bango la barabarani. Alinikazia macho kwa muda, na katika macho yake niliona kwamba anataka kunipa, kama alivyonipa vipande vya nyama vilivyokuwa vyake.

"Hapana," alimwambia Rula. "Siyo huu. Ni mti mzuri, lakini sina habari nao."

Kisha akageuka akaanza kushuka kuelekea kijito bila kutungoja. Mwanzoni alitembea kwa tahadhari ya umri wake. Safu chache mbele akaacha kuangalia miguu. Akawa anapita katikati ya miti kwa kukata pembe, mkono ukigusa shina hili na lile kwa kupita tu, kama mtu anayevuka chumba chenye giza katika nyumba yake mwenyewe. Karibu na maji akasimama, akaparua sindano kwa kisigino. Jiwe likajitokeza. Lilikuwa jeusi tititi.

"Haya sasa," alisema. Akaparua tena, na tena, yakatokea mengine mawili, na yote matatu yakakaa pale yametazamana kama wazee wasiojua kuwa kikao kimekwisha.

Kando ya mafiga hapakuwa na msonobari. Palikuwa na bonde dogo katika ardhi, laini, lenye unga mwekundu wa mti uliooza, na katikati ya unga huo ulikuwa umeota mkuyu kijana, majani mapana, umetupita sote kwa urefu.

"Mama, mti uko wapi?"

"Ulikatwa. Ulikuwa hujaanza shule."

"Nani aliyeukata?"

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. "Nani mwingine alikuwa na nyundo?"

Alikaa juu ya figa moja, akaninyooshea mkono nikae juu ya jingine. Rula na Kijiko wakabaki wamesimama.

"Ulifika wakati wa kupunguza," alisema. "Miti imesongamana, inagombania jua. Wa kwanza kutoka ni uliopinda na ulio nje ya safu. Wetu ulikuwa nje ya safu, tena umetanua matawi kwa majivu yangu, unawanyima wenzake mwanga. Kikosi kizima kikaupita kama hawauoni. Watu wazima na ndevu zao, wote wameingiwa na upofu kwa ajili ya Mstari. Wakafika mbali, wakageuka wakamkuta yeye hayupo. Alikuwa amerudi. Anachuna gome."

"Hakukwambia kwanza?"

"Aliniambia jioni, akila. Nilikasirika, nisikufiche. Wiki nzima nilimpakulia chakula kisicho na chumvi."

"Akasemaje?"

"Akala. Akasifu."

Kijiko, nyuma yetu, aliguna kwa masikitiko ya kweli.

"Baada ya hapo akaenda ofisini akaulipia, kama mnunuzi yeyote. Mti alioupanda mwenyewe. Akaubeba begani mpaka nyumbani. Paa la jiko lilikuwa linalalia upande, akausimamisha chini yake, akashindilia udongo kwa mguu. Hakusema kitu. Mimi nami sikusema kitu." Mama alipangusa unga mwekundu uliomganda kwenye pindo la gauni. "Siku hiyo nikatia chumvi."

Nilitafuta utani. Niliutafuta kila mfuko. Nilichokiona ni lori, paa lililoegeshwa kwa ngazi, na kabati linalobaki nyuma likizidi kuwa dogo, na mimi nimekaa juu ya ile nguzo nikining'iniza miguu, nimejaa fahari, nadhani tumebeba urefu wangu.

Maji ya kijito yalikuwa yakipita chini yetu bila haraka. Rula alikohoa kidogo.

"Mama, kile kipengele cha kumbukumbu bado kipo. Naweza kuweka mshipi hapa."

"Kwenye shimo?"

"Kwenye mkuyu."

"Huo hatukuupanda sisi. Ni ndege tu huyo, alikula kuyu akapumzikia hapa."

"Basi hauhitaji shahidi," Rula alisema. "Wa asili, tena kando ya maji. Unabaki kwa haki yake."

Kijiko akaenda kuuvisha mshipi mweupe, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakudondosha rangi hata tone. Sisi tukapanda kurudi kwenye mti mnene. Njiani Rula alifungua mkoba wake, akatoa nyundo, akanipa bila kunitazama. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhania. Mpini ulikuwa mpya, lakini chuma kilikuwa kilekile, kimelainika kwa mikono na miaka, na nilijua pasipo kuuliza ni mikono ipi iliyokuwamo.

Nikachuna gome usawa wa kifua. Harufu ya utomvu ikanijia yote kwa pamoja, mbichi, na kwa kitambo nilikuwa barazani nimeng'ang'ania mguu wa mtu anayerudi kutoka kazini. Nikapiga. Muhuri ukakaa. Kisha nikapiga magoti, nikachuna chini karibu na mizizi. Mama alisimama pembeni yangu, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Hiyo ya chini ipige sawasawa," alisema. "Ndiyo itakayosomwa."

Nikapiga sawasawa. Nilipoinuka niliuegemea mti kidogo, kuupumzikia. Nilitaka kuuaga, lakini sikujua niuite nani, kwa kuwa tangu mwanzo ulikuwa mti tu, umesimama pale ukiamkiwa na mtu asiyeujua, na haukuwahi hata mara moja kunikatiza. Nikaurudishia heshima kwa kofi la begani. Kijiko alikwenda juu na ngazi akaniletea kamba yangu ya kiatu.

Jioni, kabla hatujawasha taa, niliingia jikoni nikaondoa chujio la chai kwenye msumari. Mama alikuwa anamenya viazi. Aliinua macho akayarudisha kwenye viazi. Niliipangusa nguzo kwa kiganja, upande usio na moshi, hadi alama za kisu zikajitokeza, ndogo ndogo, zinazopanda kama ngazi ya mdudu. Ya mwisho ilinifika kifuani. Juu yake palikuwa laini, mahali ambapo mkono wa kukata haukuwapo tena.

Nikageuka, nikaubandika mgongo wangu hapo, visigino vikigusa chini, kidevu juu.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

"Nataka kujua kama nimeongezeka."

Kisha akaweka kiazi chini, akakifuta kisu kwenye nguo, akaja akasimama mbele yangu. Aliinua mkono. Kisu kikafika usawa wa sikio langu, kikakwama hapo. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akashuka, akapumua.

"Inama kidogo."

"Nikiinama kipimo kitakuwa cha uongo, Mama."

"Sikufikii," alisema. "Inama."

Nikainama.